Msiwafanye Zilipendwa

Kuna namna moja tu ya kusimulia maisha ya bendi ya Funeral for a Friend, na mimi nimeichoka. Huanzia Bridgend, Wales kusini, mwaka 2001. Vijana wanakutana, magitaa yanakwenda mbio, mmoja anaimba na mwingine anapiga mayowe. Mwaka 2003 wanatoa albamu ya kwanza, Casually Dressed & Deep in Conversation, na wapenzi wa roki Uingereza wanageuka kuwatazama. Mwaka 2005 inafuata Hours. Kuanzia hapo msimulizi hushusha sauti kama mtu aliyeingia msibani: basi, wakaanza kushuka. Albamu tano zilizofuata, miaka kumi ya jasho, zinapewa sentensi mbili. Mwaka 2016 bendi inavunjika. Hadithi imekwisha.

Nasema hadithi hiyo ni ya uvivu, na uvivu huu una madhara. Lugha yetu ina neno linaloeleza vizuri wanachofanyiwa hawa watu: zilipendwa. Ni neno tamu redioni usiku wa Jumapili. Lakini liangalie umbo lake. Li katika wakati uliopita. Ukimwita mtu aliye hai zilipendwa, umeshamwambia kwamba mapenzi yake yamekwisha, na kwamba anachokifanya sasa hakihesabiki.

Kwa msomaji asiyeujua muziki huu, nieleze kidogo. Hadikoo ni panki iliyoongezwa kasi na hasira kule Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Posti-hadikoo ni watoto wake: walibaki na hasira lakini wakaruhusu sauti ya kuimba, ukimya wa ghafla, na wimbo usiokwenda ulikotarajiwa. Funeral for a Friend, waliochukua jina lao kutoka wimbo wa bendi ya Kimarekani iitwayo Planes Mistaken for Stars, walitia humo kitu chao. Matthew Davies-Kreye aliimba kwa sauti ya wazi, na Ryan Richards akajibu kwa mayowe huku anapiga ngoma. Magitaa mawili ya Kris Coombs-Roberts na Darran Smith yalifukuzana kwa mtindo ambao mashabiki wa metali wanaujua. Si ajabu kwamba mwaka 2003 walichukuliwa kuwafungulia Iron Maiden jukwaa.

Sasa tuje kwenye neno "kushuka". Kushuka kutoka wapi? Wanaolitumia hukimbilia chati. Haya, tuzifungue chati. Albamu ya kwanza ilifika nafasi ya 12 Uingereza. Ya pili nayo ilifika nafasi ya 12. Iliyopanda kuliko zote ni ya tatu, Tales Don't Tell Themselves ya 2007, iliyofika nafasi ya 3. Ndiyo ile inayosimulia mvuvi aliyepotea baharini, yenye vinanda na mapambo mengi, ambayo mashabiki wa zamani hadi leo huitaja kama siku waliyosalitiwa. Basi nichagulieni. Kama chati ndiyo hakimu, kilele cha bendi hii ni albamu msiyoipenda. Kama hakimu ni masikio yenu, acheni kuleta chati mahakamani. Hamwezi kumwita shahidi siku anayowafaa na kumfukuza siku asiyowafaa.

Mimi mwenyewe siipendi sana albamu hiyo. Naiona imefuliwa mno na kupigwa pasi. Lakini naiheshimu, maana ni kazi ya watu waliokataa kujirudia wakati kujirudia ndiko kulikokuwa na pesa. Na angalieni walichofanya baada ya kufika nafasi ya 3. Mwaka uliofuata walitoa Memory and Humanity kupitia lebo yao wenyewe, Join Us. Watu wengi wakiona hatua hiyo husema: mmeona, wameanguka, wamebaki na kibanda chao. Mimi naona mafundi waliotoka katika karakana ya tajiri wakaenda kufungua yao. Ni ndogo, paa linavuja, lakini hakuna anayekuja kuwaambia kiti kiwe na miguu mingapi.

Kutoka hapo walifanya kazi ambayo wasimulizi wetu hawajaisikiliza. Welcome Home Armageddon ya 2011 ilirudisha ukali, lakini ukali wa watu wazima wanaojua kinachowauma. Conduit ya 2013 ni fupi, karibu nusu saa tu, na haina neno la ziada. Chapter and Verse ya 2015 ndiyo yenye hasira kuliko zote. Tazama tu majina ya nyimbo: "You've Got a Bad Case of the Religions", "Pencil Pusher", "1%". Kijana wa miaka ishirini na kitu alipiga mayowe kwa sababu ameachwa na mpenzi. Mtu mzima anapiga mayowe kwa sababu ameanza kuelewa jinsi dunia inavyogawana mkate. Mnaniambia la kwanza ni sanaa na la pili ni kushuka?

Mwaka 2015 walitangaza kwamba wanaacha. Ziara yao ya kuaga ilimalizika 2016, na ilipangwa kwa mtindo huu: usiku mmoja wanapiga Hours yote, usiku mwingine Casually Dressed yote. Bendi ina albamu saba. Inapoaga dunia, nguzo za usiku wake ni mbili za mwanzo. Sipendi kuwalaumu waliopanga hivyo, maana walijua wateja wao. Nawalaumu wateja. Fikirieni mtu anaagwa kazini baada ya miaka kumi na mitano, na hotuba zote zinahusu miaka yake minne ya mwanzo. Angetabasamu, angeshukuru, angepiga picha na kila mtu. Njiani kurudi nyumbani je, angekuwa anawaza nini?

Nimeishi Wales kusini muda wa kutosha kujua kwamba jambo hili halihusu muziki peke yake. Watu wa pale wanaijua vizuri lugha ya "enzi zenu zilikuwa nzuri". Juu kidogo ya Bridgend, mgodi wa St John's wa Maesteg ulifungwa mwaka 1985, mara baada ya mgomo mkubwa wa wachimbaji. Mahali pa makaa wakaambiwa pataingia viwanda. Sony walikuwa wameshafika tangu 1974 wakitengeneza televisheni. Katikati ya miaka ya 2000 kiwanda hicho kikafungwa. Ford walianza kutengeneza injini Bridgend mwaka 1980. Septemba 2020 wakafunga lango, na ajira zipatazo 1,700 zikaondoka. Mwenzangu mmoja kazini, mtu wa mabonde hayo, alinieleza kwamba katika familia yao kila kizazi kimefanya sherehe ya kuaga mahali ambapo kizazi kilichotangulia kiliambiwa pangedumu.

Nenda Blaenavon uone mgodi wa Big Pit. Ulifungwa 1980, na 1983 ukafunguliwa tena kama makumbusho. Unavaa kofia yenye taa, unashuka chini ya ardhi, na anayekuongoza ni mtu aliyewahi kuchimba. Nimeshuka. Ni mahali pazuri, na wale waongozaji wanafanya kazi ya heshima: wasingekuwepo wao, kumbukumbu hiyo ingebaki kwa waliofunga migodi. Lakini nilipopanda juu sikuacha kuwaza juu ya nchi inayomlipa mtu aigize kazi yake wakati haikutaka kumlipa aifanye.

Ziara za kuadhimisha albamu ya zamani ni Big Pit ya roki. Mwanamuziki anavaa kofia yenye taa na kutushusha katika mwaka 2003. Tunalia kidogo, tunanunua fulana, tunarudi nyumbani. Akisema, "Ngojeni, nina kitu kipya nimekichimba wiki iliyopita," tunaelekea baa kuagiza bia.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito, kwa hiyo nisilikwepe. Litasema: shabiki analipa kwa pesa yake, naye ana haki ya kupenda anachopenda. Wimbo aliousikia akiwa na miaka kumi na saba umeshikamana na maisha yake, na hakuna wimbo mpya unaoweza kushindana na hilo. Kweli kabisa. Sidai kwamba mtu alazimishwe kupenda. Mimi pia nina nyimbo zangu ambazo hazina ubora wowote isipokuwa kwamba nilikuwa kijana zilipopigwa. Ila jambo moja ni kupenda, jambo jingine ni kuhukumu. "Naipenda ya kwanza kwa sababu nilikuwa kidato cha nne" ni sentensi ya kweli inayomhusu msemaji. "Bendi ilikwisha baada ya ya pili" ni shtaka dhidi ya watu wengine, na anayeshtaki anatakiwa awe amesoma faili. Wengi wa hawa mahakimu hawajafungua Conduit hata mara moja.

Wengine watasema Funeral for a Friend wa mwisho hawakuwa tena wale wenyewe. Smith aliondoka 2010, Richards 2012, na mwishoni walibaki wawili tu wa kikosi kilichorekodi albamu ya kwanza. Hoja hii haiwezi kumtisha mtu aliyekulia na muziki wa dansi. Msondo Ngoma walizaliwa NUTA Jazz mwaka 1964, wakawa JUWATA, wakawa OTTU. Waimbaji wamekuja, wamehama, wamekufa, na bado Msondo ni Msondo. Nani aliwahi kuwadai warudishe kikosi cha 1964 ndipo awasikilize? Bendi ni kama kisima: maji yanabadilika kila siku, nasi tunaendelea kuteka.

Ndiyo maana sikushtuka bendi hii iliporudi. Mwaka 2019 walipanda tena jukwaani kwa maonyesho ya hisani, kwa ajili ya rafiki yao aliyekuwa mgonjwa sana, na hiyo ni sababu bora kuliko nyingi zinazorudisha bendi. Baadaye Davies-Kreye akaondoka, na maikrofoni ikashikwa na Lucas Woodland wa Holding Absence, bendi nyingine ya Wales kusini. Mabishano yakaanza upya: ni wao au si wao? Mimi naona hilo si swali lenye maana. Swali ni kama tutamruhusu huyo aliyeshika maikrofoni aimbe jambo la leo, au tumemwajiri awe kivuli cha mwenzake wa 2003.

Kwa hiyo nina ombi, na silitoi kwa upole. Ukitaka kuandika au kuzungumza juu ya bendi hii, anza mwisho. Sikiliza Chapter and Verse kwanza, mara tatu, kwa sauti ya juu. Kisha Conduit. Kisha Welcome Home Armageddon. Ukifika 2003 utasikia kwamba ile albamu ya kwanza haikuwa kilele. Ilikuwa ahadi iliyotolewa na watoto ambao hawakujua bado itawagharimu nini kuitimiza. Ukimaliza na bado ukaona zile za mwanzo ndizo bora, tutabishana kwa heshima, kwa sababu utakuwa umesikiliza. Lakini usiniletee habari za kushuka kama ulikwishaondoka ukumbini kabla hawajamaliza kupiga.