Kaburi la Nyali Halina Wageni?

Ndugu zetu Wakristo wa Kianjokoma, kule Embu, hupenda kuteremka Mombasa wakati wa likizo. Nimewapokea kadhaa. Huomba kupelekwa ufukweni na Ngome ya Yesu, basi. Kaburi la Rosine Krapf, lililoko Nyali, hawaliulizi.

Mimi ni Mwislamu, lakini chuoni tulifundishwa kwamba kuzuru makaburi humkumbusha mja akhera. Kwa hiyo sioni vibaya kuwahimiza. Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, mmishenari Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe huyo, kisha na kitoto chao kichanga. Hakufunga virago. Mwaka 1846 yeye na mwenziwe Rebmann walianzisha misheni Rabai; na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya, ule ule ambao watu wa Kianjokoma (walioujua kabla yake, hilo lisisahauliwe) huamka chini yake kila siku.

Hayo yamo vitabuni. Lakini kitabu hakimsimamishi mtu juani mbele ya kaburi, akajiuliza: ningekuwa mimi, imani yangu ingenibakisha hapa? Wachungaji wanaowaleta vijana pwani wawapitishe Nyali kwanza. Bahari ipo, itawangoja.