Mtu Si Kitabu

Pana desturi moja inayosifiwa sana katika maktaba za ulimwengu, nayo yastahili kupimwa kabla hatujaipokea kwa mikono miwili. Mtu huingia maktaba, na badala ya kuazima kitabu cha karatasi, huazima mtu mwenzake. Huyo aazimwaye aweza kuwa kipofu, au mkimbizi, au mtu aliyepata kufungwa gerezani, au mwenye virusi vya UKIMWI, au aliyeugua akili akapona. Wawili hao huketi pamoja kwa muda mfupi. “Msomaji” huuliza, na “kitabu” hujibu. Saa ikitimia, kitabu hurudishwa kwa mkutubi, kikaazimwe na mwingine. Desturi hii ilianza Denmark mwaka 2000, katika tamasha la muziki la Roskilde, kwa juhudi ya Ronni Abergel na vijana wenzake wa Copenhagen waliokuwa wakipinga ujeuri katika mji wao. Tangu wakati huo imeenea katika nchi nyingi, na kusudi lake ni moja: kuondoa unyanyapaa kwa kuwakutanisha watu ana kwa ana.

Kusudi hilo nalikubali lote. Namna yake siikubali, na jina lake nalikataa. Nasema kuwa mtu si kitabu, na maktaba yetu yoyote itakayomfanya kitabu itamrudisha pale pale ambapo lugha yetu na sheria zetu zimejitahidi kumtoa.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ajua kuwa majina ya watu hukaa aghalabu katika ngeli ya m- na wa-, na majina ya vitu vingi hukaa katika ngeli ya ki- na vi-. Sasa tazama wazee wetu waliwaweka wapi watu waliopungukiwa na kiungo au afya: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo, kibogoyo, kichaa. Wote wamekaa pamoja na kiti, kisu na kijiko. Yamkini mtu atanijibu kuwa hata kiongozi na kijana wamo humo, wala hapana anayewadharau. Ni kweli. Lakini kiongozi ameingia kwa kazi yake, na kijana kwa umri utakaopita, ilhali kipofu ameingizwa kwa upungufu wake, na jina likaufanya upungufu huo kuwa ndio yeye mzima. Walakini lugha yenyewe haikuridhika kabisa na jambo hilo. Twasema “kipofu amefika”; hatusemi “kimefika”, na atakayesema hivyo hujulikana mara moja kuwa anatukana. Kutoka hapo tukapiga hatua nyingine. Tukasema mlemavu, kisha tukasema mtu mwenye ulemavu. Tukaacha zeruzeru, tukasema mtu mwenye ualbino. Bunge la Tanzania lilipotunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, neno watu lilitangulia na neno ulemavu likafuata. Safari hiyo ilikuwa ndefu. Je, baada ya kumtoa mwenzetu katika kipofu, tumwingize katika kitabu? Na akija mlangoni tutasemaje, kitabu amefika au kitabu kimefika? Neno la kwanza ni kosa la sarufi. La pili ni kosa la adabu.

Pana watu watakaosema kuwa hiyo ni sitiari tu, na kwamba mwalimu wa lugha hupenda kupigana na vivuli. Laiti ingalikuwa hivyo! Sitiari hii ina matendo yake. Kitabu huorodheshwa, hupewa anwani, huchaguliwa, hufunguliwa, hufungwa na kurudishwa. Kitabu hakimwulizi msomaji wake swali hata moja. Hakijui kama aliyekishika ni mnyoofu au mnafiki. Hakiwezi kusema, “Sasa zamu yangu; nieleze wewe kwa nini ulikataa kunywa maji katika kikombe changu.” Nao unyanyapaa hukaa hapo hasa. Kunyanyapaa ni kumtenga mtu kwa kinyaa, na kinyaa hicho hakimo mwilini mwa anayetengwa, kimo moyoni mwa anayetenga. Ikiwa ni lazima mmoja afunguliwe na kusomwa, basi haki yataka asomwe yule mwenye kinyaa. Mkutano unaomhoji aliyeumizwa na kumwacha aliyeumiza akiuliza maswali kwa raha yake umeanza kazi upande usio na ugonjwa.

Tuondoke katika maneno, twende mahali. Lukozi ni mji mdogo wa wakulima katika wilaya ya Lushoto, juu ya Milima ya Usambara ya Magharibi. Baridi yake yafaa kabichi, karoti na viazi, na malori huyabeba mazao ya milima hiyo kupitia Soni na Mombo hata Dar es Salaam. Mahali kama hapo, siku ya soko huwakutanisha watu wote: muuzaji, mnunuzi, shemeji, mkwe, mwalimu, mganga na mgonjwa. Maktaba ya jamii ikifunguliwa huko, msomaji na msimulizi hawatakuwa wageni wawili waliokutana tamashani na kuagana daima. Kesho watakutana kisimani, keshokutwa msikitini au kanisani, na wiki ijayo watagombea bei ya gunia la viazi.

Hii ndiyo tofauti wasiyoiona wale wanaohamisha desturi kama mtu ahamishaye kiti. Katika mji mkubwa, mtu aliyesimulia habari zake aweza kutoka mlangoni akapotea katika umati, na ugeni wake ukawa ngao yake. Lukozi haina umati wa kumficha mtu. Habari iliyotolewa kwa nusu saa haitarudishwa rafuni. Itatangulia kufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Nasi twajua desturi zetu za posa. Kabla ya kukubali, wazee wa pande zote mbili huchungua kama ukoo ule una kifafa, una ukoma, una wazimu. Baba anayesimama maktaba akasema kuwa aliugua akili asema pia, apende asipende, neno juu ya binti yake. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 yailinda siri ya majibu ya kipimo na kukataza unyanyapaa. Haifai maktaba, kwa nia njema, ifungue mlango ambao sheria imeufunga kwa hekima.

Nitaambiwa kuwa hapana anayelazimishwa. Msimulizi hujitolea mwenyewe. Vema. Lakini hiari ina masharti yake. Mtu anayeombwa na mwalimu, au na mhudumu wa zahanati anayempa dawa, au na mgeni aliyekuja na gari na nauli mkononi, hana hiari sawa na ya mtu aliye huru kukataa. Tena hukubali leo kwa ajili ya leo, na maneno yake huishi miaka ishirini. Anayetaka kuitumia hiari ya mnyonge hana budi kwanza kumpunguzia unyonge.

Nao mnyonge wa milima hii hakuanza leo kuhurumiwa. Huko Lutindi, katika Milima hiyo hiyo ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 nyumba ya watoto waliookolewa utumwani; na mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba hiyo ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ikawa hospitali. Huko Irente, karibu na mji wa Lushoto, Kanisa la Kilutheri lina shule ya watoto wasioona. Kazi hizo zina heshima yake, wala sizikebehi. Lakini nyumba ya rehema ina kasoro moja isiyoepukika: humtoa mtu kijijini. Mtoto anayekua bila kumwona asiyeona akiteka maji, au aliyepona akili akilima shamba, hujifunza kuwa watu hao kwao ni kwingine. Rehema iliyo mbali haiondoi woga ulio karibu. Kwa sababu hiyo nasema tena kuwa kukutana kwatakiwa. Ugomvi wangu ni juu ya namna ya kukutana.

Namna ifaayo twaweza kujifunza kwetu. Huko Mahenge, kusini mwa Tanzania, wenye kifafa walitengwa kwa imani kuwa mate na hewa ya mgonjwa aliyeanguka huambukiza. Walikula peke yao, na wengine waliungua motoni kwa kuwa watu waliogopa kuwagusa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwaanzishia kliniki karibu na mwaka 1960. Mazungumzo yalikuwapo, lakini hayakuja mikono mitupu, bali yalikuja na dawa. Mgonjwa asiyeanguka tena alirudi shambani, na jirani alipomwona akilima alipata sababu ya kuacha kuogopa. Neno lilisaidiwa na dawa, na dawa ikasaidiwa na jembe.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika jambo la namna hiyo mwaka 1954. Alisema kuwa kukutana peke yake hakuondoi chuki. Huiondoa pale ambapo waliokutana wana hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana kulifikia, na wanaungwa mkono na wenye mamlaka. Pima sasa mkutano wa kuazimana kwa mizani hiyo. Muulizaji na muulizwaji wana hadhi sawa? Wana kazi gani ya pamoja, isipokuwa mmoja kujieleza na mwingine kuridhika?

Ukitaka mfano wa msimulizi asiyekuwa kitabu, mtazame Philly Lutaaya, mwimbaji wa Uganda. Mwaka 1989 alirudi kwao kutoka Sweden akatangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, wakati ambapo neno hilo lilisemwa kwa kunong'ona. Alikwenda shuleni na makanisani, akaimba, akaonya, akawauliza wasikilizaji wake watafanya nini. Wapo waliomshuku kuwa anasingizia. Hakuazimwa na mtu, wala hakungoja kuchaguliwa. Alisimama kama mwenye neno, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo akafariki. Na ukitaka mfano wa kazi, watazame wapiga kura wa Lindi Mjini. Mwaka 2010, katika nchi iliyokuwa imetiwa aibu na mauaji ya watu wenye ualbino, walimchagua Salum Khalfani Bar'wani, mwenye ualbino, awe mbunge wao. Hawakuridhika kumsikiliza kwa nusu saa. Walimpa kazi ya miaka mitano, wakawa na haki ya kumlaumu kama wabunge wengine. Kulaumiwa kwa kazi yako, badala ya kuogopwa kwa ngozi yako, ndio usawa.

Basi maktaba ya Lukozi, au ya kijiji chochote kinachofanana nayo, ifanyeje? Kwanza, ibadili jina. Maktaba, kitabu na katibu ni maneno ya shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuandika. Kama ni lazima mgeni wetu apewe jina la nyumba hiyo, asiitwe kitabu, aitwe mwandishi. Mwandishi ndiye mwenye habari. Huchagua la kusema na la kuficha, huacha ukurasa mtupu akitaka, wala hapana anayemdai sura aliyoichoma. Pili, kila anayeuliza aulizwe, na kila swali liwe na haki ya kurudi kwa mwenyewe. Tatu, asisimame mtu peke yake juu ya ugonjwa wake. Mhudumu wa afya aeleze ugonjwa, ili msimulizi abaki na kazi ya kueleza maisha. Nne, yule ambaye siri yake yaweza kuwaumiza watoto wake asiombwe kabisa. Nafasi yake isemewe na aliye salama zaidi. Tano, mkutano usiishie kitini. Watu wa milima wanaujua msaragambo, ile kazi ya pamoja ya barabara, mfereji na shule. Waliozungumza asubuhi wapewe jioni jambo la kufanya bega kwa bega, hata likiwa dogo la kupanga rafu za maktaba yenyewe.

Methali yetu yasema, hujafa hujaumbika, nasi twaitumia kumkanya anayemcheka mlemavu. Ni onyo jema, lakini msingi wake ni hofu: usimcheke, kesho waweza kuwa wewe. Jamii iliyostaarabika hutafuta msingi ulio bora kuliko huo. Humheshimu mwenye ulemavu hata kama ina hakika kuwa yenyewe haitapofuka kamwe. Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, taifa lilikuwa na kiu ya vitabu, na kiu hiyo haijakwisha. Vitabu na viongezwe, viazimwe na kurudishwa hata vichakae. Lakini jirani zetu tusiwaazime. Tuketi nao, tujibu maswali yao, kisha twende nao kazini.