Ufa Huzibwa, Usukani Hautupwi

Kuna jambo linaloniudhi kila ninapokuwa karibu na watu wanaojiita wapenzi wa magari ya kale. Mtu ananunua Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960. Anatumia miezi kutafuta taa zenye kioo cha asili, anagombana na fundi kwa sababu ya bolti moja isiyo ya kiwandani, kisha anakuta usukani una nyufa. Hashauriani na mtu. Anaung'oa, anautupa, na mahali pake anaweka usukani mpya ulioagizwa kutoka nje, mdogo, mweusi, wenye spoki tatu za alumini zilizotobolewa matundu. Akimaliza anapiga picha na kuwatangazia rafiki zake kwamba gari limerudi katika hali yake ya asili. Hali ipi hiyo?

Ninashikilia kwamba usukani ni sehemu ya mwisho kabisa ya gari la kale inayostahili kubadilishwa. Dereva haigusi injini akiwa safarini. Bodi huiona kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Usukani ndio alioushika toka alipoondoka mpaka alipofika, kwa miaka hamsini na zaidi, na kama gari limepita kwa madereva watano, wote watano wameacha alama hapo. Tazama usukani wowote mkongwe pale penye saa nne na saa nane, mahali ambapo mikono hukaa. Pamelika, pamekuwa laini, rangi imekwenda. Hakuna duka linalouza kitu hicho.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopasuka, maana wengi wanaotupa hawajui wanatupa nini. Usukani wa magari mengi ya wakati ule ni duara la chuma lililofunikwa kwa plastiki ngumu, na katika magari ya zamani zaidi kwa mpira mgumu. Chuma ndicho kinachobeba kazi. Plastiki ni ya kushikia. Jua la mchana likiingia kupitia kioo cha mbele, vyote viwili hutanuka, lakini plastiki hutanuka mara kadhaa kuliko chuma. Usiku hurudi nyuma kwa kiasi hichohicho. Juu ya hayo, plastiki za zamani hukauka na kusinyaa kadiri miaka inavyokwenda, ilhali chuma kilicho ndani hakisinyai. Nguo iliyosinyaa juu ya mwili usiosinyaa lazima ichanike mahali fulani, na ndiyo maana nyufa hukata duara kwa upana na hupenda kuanzia pale spoki zinapoungana nalo. Kwa hiyo ufa, mara nyingi, ni ugonjwa wa ngozi. Mfupa ni mzima.

Nimekaa gereji ya mjomba wangu hapa Kampala likizo tatu mfululizo, na kazi ya kuziba nyufa hizo nimeifanya kwa mikono hii. Haihitaji mashine ya ajabu. Inahitaji siku nne na mtu asiye na haraka. Unakata waya wa betri kabla ya kugusa honi. Unanyoosha magurudumu, unatia alama kwenye kitovu na kwenye mhimili ili usukani urudi palepale ulipokuwa, ndipo unafungua nati. Ukikataa kutoka unatumia kifaa cha kuvutia, hupigi nyundo. Kisha unauosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki mpaka jasho la nusu karne litoke, na linatoka jeusi kama chai ya rangi iliyolala. Thina kali usiilete hapa, kwa sababu baadhi ya plastiki za zamani huyeyuka nayo.

Hatua inayofuata huwashangaza wote wanaoiona kwa mara ya kwanza: ufa unaupanua. Kwa kipande cha msumeno wa chuma na tupa ya pembe tatu unauchimba uwe kama herufi V mpaka ufike kwenye chuma. Mjomba aliniambia siku ya kwanza, "Mpwa wangu, ukiujaza bila kuufungua, umeuficha tu." Hapo ndipo unapoona kama chuma kina kutu, na kama kutu ni ya juujuu au imekula. Ya juujuu inakwanguliwa. Halafu unachanganya gundi nzito ya epoksi, ile ya vikopo viwili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, unashindilia ndani ya ufa na kuacha kilima kidogo juu. Unaiacha mpaka siku ya pili. Mafundi wavivu hutumia puti ya bodi kwa kuwa inakauka upesi, lakini haishiki vizuri katika ufa wa namna hii, na baada ya misimu michache ya jua ufa unarudi palepale. Ndipo mteja anapotangaza kwamba nyufa hazizibiki.

Msasa ndio unaokula muda: namba 80, kisha 180, kisha 320, mwisho 600 pamoja na maji, na barakoa usoni, kwa sababu vumbi la epoksi na la rangi za zamani si la kuvuta. Unapaka praima, na praima inakuonyesha vitundu ambavyo jicho halikuviona. Unajaza tena. Unasugua tena. Rangi unaipuliza kwa tabaka nyembamba.

Sasa nije kwa hoja za wanaonipinga, maana nimezisikia bwenini, gerejini na hata darasani.

Wa kwanza wanasema ni suala la usalama. Hoja hii ina uzito kuliko nyingine, na sehemu yake moja naikubali bila ubishi: kama kutu imekula chuma cha ndani, au spoki imelegea kwenye kitovu, usukani huo usirudi barabarani. Utundikwe ukutani. Lakini wanaobadilisha hawafanyi hivyo kwa sababu wamekagua chuma. Wangekikaguaje bila kuufungua ufa? Isitoshe, hatari kubwa ya magari yale haikuwa kwenye duara, ilikuwa kwenye mhimili mgumu ulionyooka kama mkuki kuelekea kifua cha dereva. Kuanzia mwaka 1968 Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria yawe na mhimili unaojikunja gari linapogongwa. Anayefunga duara jipya juu ya mhimili ulioundwa kabla ya hapo hajaondoa mkuki. Ameupamba. Na ili duara hilo geni likae anahitaji kitovu cha kuunganishia, yaani bolti nyingine zinazoweza kulegea.

Tena kuna hesabu rahisi ambayo wapenzi wa sukani ndogo hawaifanyi. Magari haya hayana pawa steringi. Nguvu ni ya mabega yako. Toa usukani wenye kipenyo cha sentimita 40, weka wa sentimita 33, na mikono yako italazimika kusukuma kwa nguvu iliyoongezeka kwa takriban asilimia 21 ili kupata mgeuko uleule. Mhandisi hakuufanya usukani ule kuwa mkubwa kwa sababu hakujua urembo. Mpe mama yako gari hilo aliegeshe katikati ya msongamano wa Kisekka, kisha umuulize kuhusu urembo.

Wa pili wanasema gharama. Hapa sitakaa sana. Epoksi, misasa, praima na kopo la rangi vyote vinapatikana hapahapa mjini. Usukani wa nje una bei yake, una nauli yake, una ushuru wake, na fedha yote hiyo inapanda ndege. Siku nne za fundi zinalipwa Kampala na kuliwa Kampala.

Wa tatu ndio waliofanya niandike insha hii. Hawa ni wenzangu wa darasani, nao wanauliza: urithi gani uko katika gari la Mjerumani? Kwao urithi ni ngoma, ni magome ya mutuba, ni Kasubi. Nami nawajibu kwa Kasubi hiyohiyo. Nyumba kuu ya makaburi yale ilipoungua Machi 2010 na kujengwa upya, iliezekwa tena kwa nyasi, kazi ya miaka, ingawa mabati yangemalizwa kwa wiki chache. Tulielewa wakati ule kwamba jengo si umbo tu, ni ujuzi wa waliolijenga. Kwa nini tusielewe hivyo tukiwa gerejini?

Ni kweli Beetle ilitoka Wolfsburg. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo mbio hizo zilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za vumbi na tope, na hilo pekee lingetosha kuiandika katika historia yetu. Lakini mimi naangalia kilichofuata. Baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka 1972, biashara nyingi za uagizaji ziliporomoka na vipuri vikaadimika. Magari hayakuacha kutembea. Yalitembezwa na watu waliojifunza kufufua kila kitu.

Likizo iliyopita tulifungua ufa mmoja katika usukani wa Beetle ya mteja. Chini ya rangi tulikuta tabaka la utepe mweusi wa umeme, na chini ya utepe waya mwembamba wa shaba uliozungushwa pale spoki inapoungana na duara, mzunguko kwa mzunguko, umebanana kama uzi kwenye mpini wa jembe. Fundi fulani, tusiyemjua, aliutibu usukani huo kabla yetu kwa alichokuwa nacho. Waya haukuwa umelegea. Mjomba aliutazama muda mrefu, kisha akaniambia niupige picha na nisiutoe. Tulijaza epoksi juu yake. Mteja, ambaye sitamtaja, alikuja siku ya tatu akiwa na sanduku kutoka nje, akalipa siku zetu bila ugomvi, akafungiwa usukani mpya, na ule wa zamani akasema tufanye tunavyotaka. Nilimwonyesha ile picha. Alicheka kwa upole na kusema, "Si waya tu?"

Kama huo ni waya tu, basi na sisi tunaosoma fasihi simulizi tunasoma maneno tu.

Nisieleweke kwamba naunga mkono kila anayetengeneza. Kuna wengine wanaoharibu kwa kupenda mno. Wanasugua mpaka vijibonde vya vidole vinafutika, wanapuliza rangi nene inayong'aa kama sahani ya harusi, na usukani unaonekana haujawahi kushikwa na mtu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 Hati ya Turin, iliyofuata njia ya Hati ya Venice ya mwaka 1964 kuhusu majengo na maeneo ya kale. Msimamo wake ni kwamba kuhifadhi kilichopo huja kabla ya kukifanya kipya, na kwamba kilichoongezwa kitambulikane na kiwekwe kwenye kumbukumbu. Mjomba hajaisoma hati hiyo. Alisema tu nipige picha na nisiutoe.

Na walimu wangu wasishangae kuikuta mada ya gereji kati ya insha za Kiswahili. Neno usukani tulilichukua kwenye vyombo vya baharini, sisi ambao nchi yetu haina bahari, kisha gerejini tukaliacha tukasema siteringi. Nilipotafuta maandishi ya Kiswahili yanayoeleza namna ya kuziba ufa wa usukani sikuyapata, kwa hiyo aya zile za msasa na epoksi hapo juu nimeziandika kwa makusudi, na kama zimemchosha mtu wa fasihi, anivumilie.

Usukani wenye waya wa shaba uko gerejini. Tuliumaliza baada ya mwenyewe kuuacha. Epoksi imeshika na rangi ni ileile ya maziwa, isipokuwa penye saa nne na saa nane, ambapo mjomba alikataa nisipulize. Anayedai kwamba sukani hizi hazina maisha tena aje auzungushe mwenyewe. Na kama ana wake wenye nyufa, aje nao, aache siku nne.