Mji uliotajirika kwa kungoja maji

Leo tunaweka kando kidogo mambo ya mapenzi na mitindo, tunapanda chombo mpaka Japani.

Najua kijana wa mjini akisikia Japani anaona magari, pikipiki na redio. Tulia mshikaji. Iko Japani nyingine, ya matanga, maghala na matajiri wa bandarini, na kona yake moja bado imesimama mpaka leo. Inaitwa Tomonoura. Mimi mwenyewe sijatia mguu huko, msije mkaniomba pasipoti, lakini nimezisoma habari zake na nimeona siyo uungwana kuzila peke yangu.

Tomonoura ipo mkoa wa Hiroshima, katika mji wa Fukuyama, kando ya ile bahari nyembamba iliyobanwa kati ya visiwa wanayoiita Seto. Utajiri wake haukutokana na dhahabu wala mafuta. Ulitokana na maji kujaa na kupwa. Sikiliza vizuri hapo.

Maji yakijaa, huingia bahari ya Seto kwa milango miwili, mmoja mashariki na mwingine magharibi. Mikondo hiyo miwili huja kukutana karibu na Tomonoura. Yakianza kupwa, kila upande unarudi ulikotoka. Sasa nahodha wa zamani asiye na injini alifanyaje? Alipanda mkondo wa maji yanayojaa, ukambeba mpaka Tomonoura, akatia nanga. Akangoja saa kadhaa, maji yakageuka, akapanda mkondo wa kutoka upande wa pili. Kwa ujanja huo bahari ilimsukuma mwanzo mpaka mwisho wa safari.

Na mtu anayengoja, bwana, lazima ale, alale, anunue na auze. Hapo ndipo wajanja wa Tomonoura walipopata dili. Wakajenga maghala, nyumba za wageni na karakana za wahunzi waliofua nanga na misumari ya meli. Enzi za watawala wa Tokugawa, majahazi makubwa yalishuka kutoka kaskazini ya mbali yakiwa na mwani na mbolea ya samaki. Wenye mji walikuwa wamekaa tu wanawasubiri. Kumbe na kungoja nako ni biashara!

Mwaka 1659 ukoo wa Nakamura ukaanza kutengeneza kinywaji kinachoitwa homeishu. Ni pombe tamu ya mchele wa kunata, iliyotiwa dawa za miti aina 16, mdalasini ukiwemo. Ukoo huo ulilindwa na mtawala wa Fukuyama, mwingine asiruhusiwe kuitengeneza, mpaka utawala wa kale ulipoanguka katika karne ya 19. Leo viko viwanda vinne vidogo vinavyoendelea nayo. Nyumba ya Nakamura ilikuja kuwa mali ya ukoo wa Ota, na bado ipo, na maghala yake na kuta nyeupe. Unalipa kiingilio, unaona tajiri wa zamani alivyokuwa akilala.

Ukifika gatini utauona mnara wa taa wa mawe uliojengwa mwaka 1859. Pembeni yake kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, ili mizigo ipakuliwe maji yakiwa juu au chini. Wajapani wanaziita gangi. Gangi, ngazi! Karibu tuelewane bila mkalimani. Bandari za zamani zilikuwa na vitu vitano: mnara wa taa, ngazi hizo, ukuta wa kuzuia mawimbi, mahali pa kuchoma matumbo ya meli ili wadudu wa mbao wafe, na kibanda cha walinzi. Tomonoura alama za vyote vitano bado zipo, kitu ambacho ni adimu Japani nzima.

Panda kidogo mlimani, kwenye hekalu la Fukuzenji. Hapo kuna ukumbi walimofikia wajumbe wa mfalme wa Korea. Mwaka 1711 mmoja wao alitazama visiwa kupitia dirishani, akaandika kwamba mandhari hiyo ndiyo namba moja huko Japani. Mgeni kakusifia nyumba yako, utafanyaje? Wenyewe wakayachonga maneno yake kwenye ubao, wakautundika.

Sasa wale wapenda kasheshe, hii hapa yenu. Mwaka 1867 meli iitwayo Iroha Maru, iliyokuwa na Sakamoto Ryoma na wenzake, iligongana usiku na meli kubwa zaidi ya watawala wa Kishu, ndugu wa Tokugawa wenyewe. Iroha Maru ikazama. Ryoma alikuwa kijana wa miaka 31, jina lake linawindwa na serikali, akajificha kwenye chumba cha darini katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Tomonoura. Lakini mchana alikaa mezani na wakubwa akidai fidia. Alisema melini mlikuwa na bunduki na dhahabu. Mazungumzo yakahamia Nagasaki, na mwisho wakubwa wakasalimu amri, wakakubali kulipa zaidi ya ryo 83,000, ambazo baadaye zilipunguzwa hadi 70,000. Zilikuwa fedha za kutisha wakati huo. Ryoma hakuzifaidi, aliuawa Kyoto mwaka huohuo. Baadaye wapiga mbizi waliyachunguza mabaki ya meli, na bunduki hazikuonekana. Mimi simo!

Basi mambo yakabadilika. Meli zikapata injini, treni zikaja, hakuna tena aliyehitaji kungoja maji. Tomonoura ikasinzia. Na kwa kusinzia huko, nyumba zake za mbao zikapona, maana hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzibomoa.

Kimbembe kikaja mwaka 1983. Mkoa ukatoa mpango wa kufukia sehemu ya bandari na kujenga daraja likipita mbele ya mji. Msikimbilie kuwalaumu. Vichochoro vya pale vilikatwa kwa ajili ya watu na mikokoteni. Magari mawili yakikutana, mmoja anarudi kinyumenyume. Gari la wagonjwa linahangaika, na wakazi wengi ni wazee. Vijana wanakimbilia miji mikubwa. Waliotaka daraja hawakuwa wajinga, walitaka kuishi kama watu wengine.

Lakini wenzao, majirani wa mlango kwa mlango, wakasema mkifukia bandari mtakuwa mmeua kitu kisichonunulika tena. Ugomvi ukadumu miaka na miaka. Mwaka 2007 wakazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2009 mahakama ya Hiroshima ikamzuia gavana kutoa kibali. Mandhari nayo ikapata haki zake mbele ya hakimu! Mwaka 2012 gavana aliyefuata akaachana na daraja, akasema barabara ipite kwenye handaki mlimani. Mwaka 2017 serikali ikauweka mji huo kwenye orodha ya maeneo ya majengo ya kale yanayolindwa.

Katikati ya vuta nikuvute hiyo, sinema nazo zikabisha hodi. Mtengeneza katuni maarufu Hayao Miyazaki alikaa pale mwaka 2005, na mwaka 2008 ikatoka filamu yake ya Ponyo, yenye mji wa bandarini uliotokana na mandhari hiyo. Hugh Jackman naye alifika kupiga picha za The Wolverine iliyotoka mwaka 2013.

Ukijaaliwa kwenda, shuka kwenye treni stesheni ya Fukuyama, panda basi kama nusu saa. Kula samaki mwekundu anayeitwa tai. Usishtuke, huyu anaogelea, haruki. Kisha vuka na boti dakika tano tu mpaka kisiwa cha Sensui, ugeuke uutazame mji ukiwa majini.

Mimi nimejifunza hivi: ugomvi wa kale na maendeleo mara nyingi ni ugomvi wa watu wawili wenye haki. Anayetaka barabara ana mgonjwa ndani, anayetaka bandari ana kumbukumbu za babu. Handaki lilikuwepo kwenye mawazo siku zote, ila lilihitaji watu wakatae kufukia kwanza, ndipo wakubwa wakune vichwa. Nyumba ikishabomolewa, hata ukitajirika kesho hutainunua uzee wake.

Wewe ungesimama upande gani? Niandikie kupitia kwa mhariri. Mimi naishia hapa, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.