Sauti Yatosha, Video ya Nini?

Mwezi Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona. Sisi tuliokuwa chuo cha ualimu tulirudi vijijini kwetu hapa Singida. Tuliona kwa macho yetu: nyumba yenye redio ilipata somo, mtoto aliyeambiwa atazame video ya mwalimu kwenye simu alikwama. Bando hakuna, chaji hakuna.

Tangu hapo kurekodi masomo kumekuwa mtindo. Chuo kimoja tunachokijua kiliagiza kila kipindi kirekodiwe kwa video, hata kile ambacho mwalimu anasoma daftari tu. Twaambiwa mtandao haukati mti wala hautoi moshi. Hayo si kweli.

Video hukaa katika mashine zinazowaka usiku na mchana, nazo hupozwa kwa umeme. Hupita kwenye minara ya simu, na mnara ulio mbali na nguzo za umeme mara nyingi huendeshwa na jenereta la dizeli. Hata umeme wa nyaya si wa maji peke yake. Gesi ya Songosongo twaichoma tangu 2004.

Tupige hesabu. Saa moja ya sauti ni kama MB 30. Saa moja ya video ya wastani ni MB 600. Wanafunzi 50 wakivuta kila mtu kwa simu yake, kipindi kimoja ni GB 30. Kwa sauti ni GB 1.5. Hatutii chumvi: saa moja ya mtazamaji mmoja haimalizi hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na anayelipia bando na chaji dukani ni mzazi mkulima.

Wako watakaosema video humwonyesha mtoto mambo. Sawa. Jaribio la kemia lirekodiwe kwa video, maana lazima lionekane. Lakini hadithi, historia na Kiswahili vyahitaji sikio. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni mbili walijifunza kwa vikundi, redio moja ikihudumia kundi zima. Je, wazee wetu walikosa elimu kwa kukosa video?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, somo moja lirekodiwe vizuri mara moja, litumiwe na shule zote, badala ya kila chuo kurudia lile lile. Pili, litiwe kwenye memori kadi na kunakiliwa shuleni, mtoto asilivute mtandaoni kila siku. Tatu, shule zetu zipate umeme wa jua. Jua la Singida halina bili, na umeme wa upepo wetu umezungumzwa miaka mingi. Sasa yatosha maneno.

Hatupingi elimu ya mtandao. Twapinga ubadhirifu uliovaa joho la maendeleo. Siku shule zitakapofungwa tena, mtoto wa Mkalama asome sawa na mtoto wa Dar es Salaam. Tuanze kujitayarisha leo.