Kabla ya kutuma ada, uliza: anasoma hesabu ipi?

Ndugu zetu wa Durban, swali la ada tunaulizwa kila wiki. Nitume kwa njia gani, makato ni kiasi gani, nisubiri randi ipande au nitume leo? Maswali mazuri na tunayajibu. Lakini kuna swali ambalo karibu hatuulizwi, na kwa macho yetu ya kihasibu ndilo limebeba hela nyingi kuliko hayo yote: mtoto amechagua masomo gani, na nani alimsaidia kuchagua?

Ada unalipa kila muhula. Ukikosa huu, unapambana ujao. Masomo yanachaguliwa mara moja, mtoto akiwa na miaka 15 hivi, kwenye karatasi inayotakiwa irudi shuleni kesho yake. Na siku hiyo mama yuko Umhlanga anapiga pasi, baba yuko saiti anabeba zege, au wote wako huku na mtoto yuko Tanga kwa bibi yake.

Tuanze na wenye watoto hapa hapa. Mwishoni mwa gredi ya 9 mtoto anachagua masomo atakayokwenda nayo mpaka matric. Ni masomo saba: lugha mbili, hesabu, Life Orientation, na matatu ya kuchagua. Hapo kwenye hesabu ndipo penye mtego. Kuna Mathematics, na kuna Mathematical Literacy, ile watoto wanaita Maths Lit. Mzazi anasikia "nimepata 70 ya Maths", anafurahi, jioni wanakula kuku wa kununua. Kumbe 70 ile ni ya Lit, na Lit haimpeleki mtu kwenye uhandisi wala kwenye digrii ya uhasibu, hata angepata 95.

Hatusemi Maths Lit ni somo la kudharau. Linafundisha bajeti, riba, kusoma ramani, vitu ambavyo watu wazima wengi tunavihitaji, na mtoto anayependa lugha au sheria anaweza kufika nalo. Ubaya ni kuingizwa humo bila mtu yeyote nyumbani kujua maana yake. Matokeo ya matric yanatangazwa nchi nzima kila Januari, na shule inapimwa kwa asilimia ya waliopita. Basi mtoto anayesuasua ni rahisi kuambiwa, "chukua Lit, utapita tu." Kutoka Mathematics kwenda Lit ni mteremko. Kurudi ni mlima, na kadiri miezi ya gredi ya 10 inavyokwenda ndivyo unavyozidi kuwa mrefu. Maoni yetu ni haya: kama mtoto hajajua anataka kuwa nani, na hesabu yake haijafa kabisa, abaki Mathematics, na hela ya tuisheni iingie kwenye bajeti kabla ya hela ya simu mpya.

Mtatuambia shule ina mwalimu wa kuwashauri. Kweli, ushauri wa kazi umo ndani ya Life Orientation. Ila mwalimu ni mmoja, watoto wamejaa darasani, na yeye hajui kwamba nyumbani kwenu hela inaingia kwa wiki, wala hajui karatasi zenu za ukaaji zikoje. Hilo unalijua wewe. Wengine hawakanyagi shuleni kwa kuogopa kuulizwa hizo karatasi. Jamani, Desemba 2019 Mahakama Kuu kule Makhanda iliamua kwamba mtoto asinyimwe shule kwa kukosa hati. Nenda. Vaa nguo zako za kazi kama huna muda wa kubadili, lakini nenda siku ya wazazi.

Karatasi zinakuja kubana baadaye, kwenye hela ya chuo. NSFAS ni ya raia na wenye ukaaji wa kudumu. Mzazi mwenye kibali cha hifadhi asimwahidi mtoto NSFAS kwa sababu jirani amepata. Bora kulijua hilo gredi ya 9 kuliko kulijua siku ya usajili. Maombi ya vyuo vikuu vya umma vya KwaZulu-Natal, yaani UKZN, DUT, Mangosuthu na Zululand, yanapitia ofisi moja, CAO, na kwa kawaida dirisha la kwanza linafungwa mwisho wa Septemba. Ukichelewa unalipa ada kubwa zaidi ya maombi. Hiyo ni hela ya bure inayopotea kila mwaka kwa sababu tu hakuna aliyeandika tarehe ukutani.

Na si lazima kila mtoto aende chuo kikuu. Ninyi wa ujenzi mnalijua hili kuliko sisi: saiti moja, fundi umeme aliyefaulu trade test na anayejua kazi ile ile lakini hana cheti, bahasha zao zinafanana? Vyuo vya TVET vipo, Thekwini, Coastal, Elangeni. Mtoto akienda huko kwa kuchagua ni jambo moja. Akienda kwa sababu milango mingine ilishafungwa miaka mitatu nyuma, hilo ni jambo lingine.

Sasa wale ambao watoto wamebaki nyumbani. Majina yanabadilika, mtego ni ule ule. Tanzania, mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. PCB na HKL unazikumbuka, hizo nyingine mpya zinakwenda wapi? Kenya, watoto wa kwanza wa mtaala mpya wameingia gredi ya 10 Januari 2026 wakiwa wameshachagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kongo ni section, na anayeingia commerciale hatoki kirahisi kwenda biochimie. Bibi anampenda mjukuu, lakini fomu hii hawezi kuisoma peke yake.

Kuna upande wa pili pia, na huu tuuseme kwa heshima. Anayetuma hela huwa anataka na kuchagua kazi. "Nakusomesha uwe daktari." Mtoto ana 35 ya kemia, anaogopa kusema, kwa sababu anajua ada inatoka kwenye mgongo wako. Anaficha ripoti, anarudia mwaka. Machi 2025 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa randi 28.79 kwa saa. Siku ya saa nane ni kama randi 230. Hesabu mwenyewe mwaka wa kurudia ni siku ngapi za kupiga pasi.

Upande wa akiba tuna neno moja. Stokvel na vikoba vingi vya hapa vinagawana Desemba, na hela inaishia kwenye nauli na sikukuu. Chuo cha hapa kinadai hela ya usajili Januari na Februari. Mwenye mtoto gredi ya 12 aombe zamu yake iwe Januari, wenzako watakuelewa. Wa Tanzania kalenda yake ni nyingine, vyuo vikuu vinafungua Oktoba au Novemba, na maombi ya mkopo wa HESLB yanatangulia miezi kadhaa. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, na Zanzibar kuna wakala wake. Lipa hicho kidogo mapema, kijana akiwa bado kidato cha sita, usingoje msongamano.

Jumapili hii ukipiga simu nyumbani, usiishie kwa "shule inaendeleaje", maana jibu ni "poa" kila siku. Mwambie apige picha ripoti yote, kurasa zote, akutumie WhatsApp. Halafu soma jina la kila somo, si alama peke yake. Neno usilolielewa lipeleke kwa mwalimu wa darasa kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili au Kizulu chako cha kazini, kabla fomu haijarudishwa.