Mlima Masaba na Safari za Shule Zetu

Muhula unapokaribia kwisha, mabasi ya shule za Bungoma na Trans Nzoia huonekana yakielekea Nakuru, Nairobi na Mombasa. Mwanafunzi wa Matulo husafirishwa usiku kucha akaitazame Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hilo ni jema, nami sina ugomvi na Mombasa. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo hajawahi kukanyaga Chetambe, ngome ya babu zake iliyo kilimani karibu na Webuye. Huko ndiko Wabukusu walikojihami nyuma ya kuta za udongo mwaka 1895, wakapambana na msafara wa kijeshi wa Waingereza uliokuwa na Charles Hobley, na wengi wao wakauawa.

Tukitaka kuona jinsi wengine wanavyouthamini mlima wao, tutazame Jojia. Katika eneo la Kakheti, lililo chini ya safu za milima ya Kaukazi, wageni humiminika kila mwaka kuona mashamba ya mizabibu na makanisa makongwe. Kanisa kuu la Alaverdi lilijengwa katika karne ya 11, na hadi leo watawa wake hutengeneza divai ndani ya vyungu vikubwa vya udongo vilivyofukiwa ardhini. Mwaka 2013, UNESCO iliiingiza mbinu hiyo ya vyungu katika orodha ya turathi za binadamu. Kwa hiyo mgeni wa Kakheti huonyeshwa mlima, kanisa na chungu kwa pamoja, na hakuna mwenyeji anayekionea haya chochote kati ya hivyo.

Sisi pia tunavyo vyote vitatu, ila tumevitenganisha.

Chungu chetu ni cha busaa. Unga wa mahindi huvundikwa, hukaangwa, kisha huchanganywa na kimea cha wimbi. Wazee walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na hapo ndipo kesi zilipoamuliwa, mahari yakapatanwa na marehemu wakakumbukwa. Tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, haikukamilika bila kinywaji hicho. Kisha wakaja wamishenari. Wamarekani watatu wa madhehebu ya Quaker waliweka makao Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikaenea hadi Lugulu, ambako shule na hospitali walizoziasisi zingali zinawahudumia watu. Waumini wao walikatazwa pombe. Tena, jambo ambalo wanafunzi wangu hulistaajabia, ibada ya Quaker haina mkate wala divai ya ushirika. Wakatoliki wa Misikhu na Kibabii waliitumia divai, lakini ilikuwa ya zabibu zilizoiva ng'ambo. Hivyo chungu cha wimbi hakikupata nafasi katika ua wa kanisa lolote. Kilirudishwa nyuma ya nyumba, kikabaki kuwa kitu cha kufichwa.

Mwalimu ataniuliza: je, unataka tuwapeleke watoto kilabuni? La, hasha. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inamlinda aliye chini ya umri wa miaka 18, na familia nyingi kwetu zimeangamizwa na ulevi. Ninachodai ni maarifa. Mwanafunzi aone wimbi likioteshwa, aone chungu na mrija, aulize majina yake kwa Lubukusu na kuyaandika. Msamiati wa chombo hupotea pale chombo kinapoonewa haya, na sijui mhadhara wa chuo kikuu unaoweza kuurejesha.

Kuhusu makanisa, tusiishie kwenye yale yenye kengele. Elijah Masinde, aliyelelewa katika Kanisa la Friends, aliliacha akaongoza Dini ya Msambwa. Mwaka 1947 aliwapeleka wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni iliipiga dini hiyo marufuku. Kwa waumini wake, mlima wenyewe ndio uliokuwa Sayoni. Mtu aweza kuipinga imani hiyo atakavyo, lakini aliyeusoma mlima huu bila kulisikia jina la Masinde amesoma jiografia tu.

Mandhari hayahitaji wakili. Maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia hayako mbali na Matulo. Kitale ina jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974. Ukipita Endebess unafika Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotengwa mwaka 1968, yenye pango la Kitum ambamo ndovu huingia usiku kukwangua kuta kwa pembe zao wakitafuta chumvi. Hapo mwalimu awe mwangalifu: wageni wawili waliolizuru pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walifariki kwa homa ya Marburg. Awaulize askari wa mbuga kabla ya kuwaingiza watoto popote penye popo.

Lakini lililo zito zaidi ni majina. Wabukusu huuita mlima huu Masaba. Jina Elgon limetokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaot. Wengi husikia ngoma ndani ya jina Bungoma, ilhali maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba limetokana na Wabong'om, ambao nao ni Wasabaot. Maana yake ni kwamba mji mkuu wa Wabukusu umebeba jina la jirani zao, na ramani yenyewe inakiri kwamba hapa pameishi zaidi ya jamii moja. Kati ya 2006 na 2008, mamia ya watu waliuawa mlimani humo katika vita vilivyochochewa na ugomvi wa mashamba ya Chebyuk. Baadhi ya watoto waliozaliwa katika miaka hiyo ya hofu sasa wamo katika vyumba vyetu vya mihadhara, na wapo wasioweza kutaja hata jina moja la mahali katika lugha ya jirani.

Kwa sababu hiyo, ningewaomba walimu wakuu wanaopanga safari za mwaka ujao wasimwachie dereva kazi ya kueleza njia. Wawatafute wazee wawili, mmoja Mbukusu na mwingine Msabaot, wapande basi moja na kuketi mbele. Kila kijito na kila kilima kitajwe mara mbili, na wanafunzi waandike majina yote mawili.